Kibodi Chini ya Kitenge

Ama Dufie alishikilia kwamba kipanya cha kompyuta kiliundwa kwa ajili ya watu wasio na vidole. Yeye hakukigusa. Kwa miaka sita aliyokaa kwenye meza ya projekta kanisani, kipanya cha kanisa kililala ndani ya droo pamoja na vipande vya mishumaa, na mtu akithubutu kukitoa, Dufie alikipokea kwa vidole viwili, akakirudisha kilikotoka, akafunga droo.

Tusimwone mwenye maringo. Vidole vyake vilikuwa vimefanya kazi. Miaka ishirini na minane alikuwa mpiga chapa wa mahakama pale Bekwai, na mahakimu wanane walimpitia mmoja baada ya mwingine bila hata mmoja wao kujua ni makosa mangapi aliyaondoa kimyakimya. Hakimu akitaja mshtakiwa wa pili ilhali anamaanisha wa kwanza, Dufie aliandika wa kwanza. Akisema Machi na tukio ni la Mei, karatasi ilitoka na Mei. Jioni hakimu alisoma, akajiona ana akili timamu, akatia sahihi.

"Mpiga chapa mjinga huandika anachosema bosi," alikuwa akimwambia shoga yake, Abena Pokuaa, aliyeuza kenkey, madonge ya unga wa mahindi uliochachuliwa, karibu na stesheni. "Mpiga chapa mzuri huandika anachotaka kusema."

"Na wewe unajuaje anachotaka kusema?"

"Namtazama mdomo kabla haujafunguka."

Mwaka aliostaafu ndio huohuo aliomzika mumewe, Opanyin Sarfo, na nyumba ikawa na ukimya wa kutisha. Alikuwa akiamka asubuhi, anavaa vizuri, kisha anakaa tu kitandani na viatu vyake. Kanisa liliponunua projekta, akaomba kiti kile. Watu walicheka, wakidhani mama wa miaka hamsini na minane angeegemea kibodi na kusinzia. Walimpa kwa kumhurumia. Walichompa, bila kujua, ni sababu ya kuvua vile viatu na kuvivaa tena akiwa anakwenda mahali.

Haukupita mwezi, akagundua ndani ya ile programu ukurasa ambao hakuna mwingine aliyewahi kuufungua. Ulikuwa ukurasa wa mipangilio ya vitufe. Humo mtu angeweza kuamua mwenyewe kila kitufe kifanye nini, badala ya kutii walivyopanga waliotengeneza programu. Siku hiyo Dufie hakukumbuka chakula cha mchana.

Mtu mwingine angepanga vitufe kwa nyimbo. Dufie alivipanga kwa watu. Kyerewaa, kiongozi wa kwaya, alikuwa na tabia ya kuruka kutoka wimbo mmoja hadi mwingine katikati ya ubeti, bila kumwonya yeyote. Dufie alimpa kitufe cha nukta mkato, na kila kilipobonyezwa kilileta wimbo ambao, kwa uzoefu, Kyerewaa angeurukia. Mzee wa matangazo alipewa herufi B. Alipopitisha dakika kumi, B iliweka ukutani, nyuma ya kichwa chake, picha kubwa ya saa. Mzee hakuwahi kugeuka akaiona, ila aliona watu wakianza kukusanya mikoba, naye akafupisha. Na siku saba za kuzaliwa, zile ambazo siku ya Mavuno watu huitwa kwa zamu kwenda mbele kucheza na kutoa, zilipata vitufe saba vya safu ya juu, kuanzia Jumapili hadi Jumamosi. Dufie alibonyeza, jina la siku likatokea, waliozaliwa siku hiyo wakainuka.

Kitufe cha pembeni kabisa, kile kisichoguswa kwa bahati mbaya, kilikuwa cha Osofo.

Osofo Ntim, mchungaji, alikuwa na mwaka mmoja tu hapo. Kijana wa miaka thelathini na sita, sauti nzuri, moyo mweupe, na kichwa kisichoshika namba. Kila Ijumaa alimpelekea Dufie karatasi ya mistari ya Jumapili, na karatasi ilikuwa sahihi, maana aliiandika mezani ametulia. Lakini akishapanda mimbarani na kupata joto, sura na mistari vilimtoroka. Alitaja nane akimaanisha kumi na nane, akataja barua ya kwanza akimaanisha ya pili. Dufie alibonyeza kitufe cha pembeni, na ukutani ukatokea mstari uliofuata kwenye karatasi. Kwa kuwa siku hizi watu husoma ukutani, na Maandiko yao yamelala mikobani pamoja na peremende, hakuna aliyegundua. Kanisa zima lilimsifu Osofo kwa kumbukumbu yake. Na yeye, maskini, aliamini.

Basi ni Osofo huyohuyo aliyekuja nyumbani kwa Dufie Jumatano moja, akakalia ukingo wa kiti, akakataa maji mara mbili.

"Maame, umetufanyia kazi kubwa sana."

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Maame. Nasema tu kwamba sasa unaweza kupumzika."

"Nilikuambia nimechoka?"

"Hapana. Ila Jumapili ya Mavuno Mwenyekiti wa kanisa wilayani anakuja, na mkewe. Tungependa mambo yaonekane ya kisasa. Kwabena Boadi amesomea mitambo, ana cheti. Nimempa ile meza."

"Kwa hiyo mimi ni ya zamani."

"Sijasema hivyo, Maame."

"Hujasema. Nimekuandikia mwenyewe ulichotaka kusema."

Osofo alitazama viatu vyake, akaomba sasa yale maji. Dufie alimpa, na kwa ubaya wa mazoea akapokea pia karatasi ya mistari ya Jumapili, kwa kuwa Osofo alikuja nayo mfukoni na hakuna aliyemwambia asiitoe.

Usiku ule hakula. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu ya kawaida kabisa, hofu ya asubuhi na viatu.

Jumamosi alikwenda kukabidhi meza. Aliiingiza mistari yote ya Osofo kwenye orodha, wa kwanza hadi wa tisa, maana kazi ni kazi. Boadi alifika amechelewa, shati limepigwa pasi, miwani ya jua kichwani. Alibonyeza herufi moja kujaribu.

"Maame, nimebonyeza B, imekuja saa."

"Hiyo ni ya Mzee wa matangazo."

"B kazi yake ni kuzima skrini. Dunia nzima."

"Dunia nzima haina Mzee wetu."

"Na nukta mkato inaleta nyimbo sita?"

"Saba. Hiyo ni ya Kyerewaa. Chukua kalamu, mwanangu, nikuandikishe, kuna wengine."

Boadi hakuchukua kalamu. Alifungua droo, akatoa kipanya, akakipangusa nta ya mishumaa. Akabofya mara tatu. Programu ikamuuliza kama ana uhakika. Alikuwa nao. Miaka sita ya vitufe ikafutika kabla Dufie hajamaliza kuvuta pumzi.

"Sasa iko ilivyotoka kiwandani," Boadi alisema. "Mtu yeyote anaweza kuitumia."

"Yeyote," alikubali Dufie. "Mpaka Kyerewaa afungue mdomo."

Alichukua kibodi yake akaenda zake. Ilikuwa yake kweli, isiyo na waya, ameinunua mwenyewe baada ya ile ya kanisa kulika herufi, na Boadi hakuihitaji kwa kuwa kompyuta ilikuwa na vitufe vyake. Ni nyumbani tu, anamenya muhogo, ndipo alipokumbuka kile kidude cha kupokea mawimbi, kidogo kama punje ya hindi. Kilikuwa bado kimechomekwa nyuma ya kompyuta ya kanisa. Dufie alitua kisu. Alicheka peke yake jikoni mpaka akalazimika kukaa.

Mambo ya kiwandani aliyajua kwa moyo. Huwezi kubadilisha nyumba ya mtu kabla hujajua milango yake. B nyeusi, W nyeupe, na ukitaka kitu kwenye orodha unabonyeza namba yake na kitufe cha kuingiza.

Jumapili ya Mavuno aliketi safu ya mwisho ya wanawake, mbele kidogo ya meza ya projekta, kibodi imelala mapajani chini ya kitenge cha pili. Alikuwa ameitembeza hivyo kutoka nyumbani, amejifunga nayo kiunoni, maana mkoba wa kanisani haukuitosha. Pokuaa alisogea kando yake.

"Umenenepa tangu juzi?"

"Ni kitambaa."

"Kitambaa gani kina pembe?"

"Pokuaa, sali."

Mzee wa matangazo alianza. Dufie alisubiri mpaka Boadi ajinyooshe na kukunja mikono, kisha kidole kimoja kikashuka chini ya kitenge. Ukuta ukawa mweusi. Boadi akatikisa kipanya, ukuta ukarudi, akajinyoosha tena. Ukawa mweusi tena. Boadi aliingia chini ya meza kukagua nyaya, na alipokuwa huko ukawa mweupe, watu wa mbele wakakinga macho. Shati lililopigwa pasi lilitoka na vumbi la magoti. Dufie alijificha uso kwa leso, mabega yakimtetemeka.

"Unalia?" aliuliza Pokuaa.

"Neema imenizidi."

Alikuwa mbaya siku ile, hilo nisimfiche. Alifurahi. Kyerewaa aliporuka kutoka wimbo mmoja hadi mwingine na Boadi akabaki anaita majina ya nyimbo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetafuta mbuzi wake, Dufie hata hakubonyeza kitu. Aliketi tu, akala utamu.

Kisha Osofo akapanda. Alihubiri vizuri, na ilipofika katikati akamgeukia mke wa Mwenyekiti, mama mnene mwenye uso wa upole, aliyetumia miaka thelathini kuwafundisha mabinti kushona. Osofo alitaka kumheshimu mbele ya watu. Alinyoosha mikono yote miwili kumwelekea.

"Neno hili ni lako, Mama," alisema, na akataja kitabu, na hapo hakukosea. "Sura ya ishirini na moja, mstari wa kumi na tisa. Kanisa, mwelekeeni Mama, tusome kwa sauti moja."

Dufie aliikumbuka ile karatasi. Humo, mstari huo ukiwa wa saba, iliandikwa thelathini na moja. Sura ya thelathini na moja, mstari huohuo, inasifu mikono ya mwanamke isiyochoka kusokota uzi. Ishirini na moja inamshauri mwanamume ahamie jangwani kuliko kuishi na mwanamke mgomvi. Na nyuma yake alisikia Boadi akigonga, mbili, moja, kwa uaminifu wote, kile kilichosemwa.

Hapo Dufie hakuhitaji kufanya lolote. Angeketi tu, mikono mapajani, na kanisa zima lingemsomea mke wa Mwenyekiti mstari ule machoni. Osofo angeaibika, Boadi angelaumiwa, na Jumatatu wangemjia nyumbani kumbembeleza arudi. Alilijua hilo waziwazi. Na akiuokoa mstari ule kwa siri, Boadi ndiye angeonekana fundi, na kiti kingekwenda moja kwa moja.

Alimtazama Osofo. Joho lilimpwaya mabegani. Mikono bado ilikuwa imenyooshwa, na usoni alikuwa na furaha ya mtoto anayetoa zawadi aliyoifunga mwenyewe. Dufie akamwonea huruma, na huruma ilimuudhi.

Mstari ulitokea. Wanaume wawili wa safu ya kwanza walikwisha kutamka neno la mwanzo. Chini ya kitenge vidole vikaenda B, saba, ingiza. Ukuta ulikonyeza, na mikono isiyochoka ikasimama pale, na kanisa likasoma kwa sauti moja hadi mwisho. Mke wa Mwenyekiti aliinamisha kichwa juu ya kitabu chake, mabega yakimtikisika, na watu wakaguswa kuona anavyolia.

Mwenyekiti alinyanyua mkono kuelekea nyuma. "Na hawa wa mitambo, Mungu awabariki. Kazi safi sana."

Boadi, ambaye hakuelewa kilichotokea, alisimama akainama.

"Unaona kijana anavyoweza?" alisema Pokuaa.

"Naona," alisema Dufie. Alitaka kulia kweli sasa, na leso ilikuwa imekwisha lowa kwa kucheka.

Ndipo ngoma zikaanza, na zamu za siku. Boadi aliandika Jumapili, na waliozaliwa Jumapili wakaenda mbele wakicheza. Jumatatu. Jumanne wakatoka wote, Pokuaa akiwa mmoja wao, wakarudi wanahema. Dufie alipiga makofi kwa heshima, mawazo yake yako kwenye kiti. Ilikuwa Jumamosi tayari, zamu ya mwisho, Pokuaa alipomchoma kiwiko.

"Ama. Siku yako."

Dufie alimtazama bila kuelewa. Miaka sita alikuwa amewaandikia watu siku zao ukutani, na hakuna mtu anayemngoja mpiga chapa acheze. Alikuwa amesahau kwamba yeye naye alizaliwa.

"Goti linauma," alisema.

"Juzi ulipanda ngazi za soko ukiniacha. Unaitwa Ama, jina la mzaliwa wa Jumamosi, halafu unakaa inapoitwa, mbele ya Mwenyekiti? Watu watasema una laana."

Wenzake wa Jumamosi walikuwa wamekwisha geuka wanampungia. Kuiacha kibodi kwenye benchi ni kujitangaza. Kuizima haikuwezekana, swichi yake ilikuwa upande wa tumbo. Dufie aliifunga kwa kitenge, akakaza fundo, akasimama.

Alipiga hatua ya kwanza, ukuta ukawa mweusi. Hatua ya pili, mweupe. Alijitahidi kucheza kwa miguu pekee, lakini zile zilikuwa ngoma za Mavuno, na kiuno kina akili zake. Tangazo la mbuzi aliyepotea lilitokea, likafuatwa na wimbo wa mazishi, kisha mstari wa nne, kisha picha ya Mwenyekiti kichwa chini miguu juu. Vijana walikuwa wa kwanza kuona. Mpiga ngoma mmoja akaona vijana wanaona, akakatiza mdundo. Dufie akasimama, na ukuta ukasimama. Mpiga ngoma akapiga mdundo mmoja. Dufie, bila kutaka, akatikisika, na ukuta ukaruka slaidi tatu.

Kicheko kilianzia pembeni kikajaza kanisa. Boadi alikuwa ameinua mikono yote juu, kuonyesha kwamba hagusi chochote.

Osofo alichukua kipaza sauti. "Maame Dufie. Kiunoni kuna nini?"

"Kibodi, Osofo."

Ilibidi asubiri watu wanyamaze. "Na umekuwa ukibonyeza tangu lini?"

"Tangu matangazo. Kwabena, nisamehe magoti yako."

"Na kwenye somo? Nilipomsomea Mama, skrini ilikonyeza."

Dufie aliona kanisa zima limemgeukia, na Mwenyekiti, na mkewe. Jibu la kweli lilikuwa fupi na lingemrudishia kiti papo hapo.

"Kwenye somo niliteleza tu, Osofo. Vidole vya kizee."

Osofo alikuwa amekwisha ichukua karatasi yake mimbarani, kwa sababu tu alihitaji mahali pa kutazama. Akaisoma. Akaisoma tena. Midomo yake ikatamka thelathini na moja bila sauti.

"Hukuteleza," alisema hatimaye. "Mimi nilisema ishirini na moja. Karatasi inasema thelathini na moja. Mkifika nyumbani someni hiyo ishirini na moja, mjue Maame ametuepusha na nini. Isipokuwa Mama Mwenyekiti. Mama, nakuomba wewe usiifungue."

"Nimeifungua tangu ulipoitaja, mwanangu," alisema mke wa Mwenyekiti, na akainua kitabu chake, kitabu pekee kilichokuwa wazi kanisani humo. Machozi yalimtoka, na sasa kila mtu aliona ni ya nini. "Nikasema moyoni, huyu kijana ni jasiri. Mume wangu jangwa analitafuta miaka thelathini."

Mwenyekiti alikuwa wa mwisho kucheka, na alicheka kuliko wote. Osofo alisubiri, akipangusa jasho kwa mkono wa joho.

"Maame," alisema, "mwaka huu ni mara ngapi?"

"Mpiga chapa hatoi siri za bosi, Osofo."

"Basi rudi kwenye kiti chako. Tafadhali. Boadi atakaa kando yako, na safari hii atakuja na kalamu."

Boadi alikuwa amekwisha fika, amenyoosha mikono kumpokea mzigo. Dufie alifungua fundo, akatoa kibodi ikiwa na joto la tumbo lake, akamkabidhi.

"Shika kwa pembeni, usiguse herufi," alimwambia. Kisha akamgeukia Osofo. "Kitini nitarudi. Lakini miaka sita nimewaita wengine, Osofo, sijacheza Jumamosi yangu hata moja. Mtanisubiri."

Wapiga ngoma walimngoja akaze kitenge vizuri, kisha wakaanza upya.